Ultra-Humanite au Mister Mind: Uanze na Adui Yupi wa Katuni za Kale?

Anayewajua Lex Luthor na Joker kwa filamu, kisha akatamani kuwasoma maadui wengine wa enzi yao ya mwanzo, hukwama mapema kwa sababu ya wingi wao. Kati ya mwaka 1938 na 1945 majarida ya katuni ya Marekani yaliuzwa kwa senti 10, na kila toleo lilihitaji mwovu wa kupigwa na kufungwa kabla ya ukurasa wa mwisho. Mwezi uliofuata aliletwa mwingine, na yule wa kwanza akasahaulika. Wengi wao walistahili kusahaulika. Wawili hawakustahili, nao ndio ninaowalinganisha hapa ili msomaji mwenye jioni chache za kusoma aamue aanze na nani: Ultra-Humanite, adui wa kwanza wa Superman aliyerudi zaidi ya mara moja, na Mister Mind, adui wa Captain Marvel yule wa kampuni ya Fawcett. Wa tatu, Doctor Death wa Batman, nitampitia kwa haraka, kwa kuwa wapenzi wa katuni humtaja mara nyingi kuliko anavyostahili.

Nimewaweka pamoja hao wawili wa kwanza kwa sababu walizaliwa na tatizo moja. Superman alipotokea katika toleo la kwanza la Action Comics, Juni 1938, aliwaandama wanasiasa wala rushwa, mume aliyempiga mkewe, na baadaye kidogo mwenye mgodi asiyejali uhai wa wachimbaji wake. Hao wote walikuwa watu wa kuinuliwa kwa mkono mmoja na kutikiswa mpaka waungame. Hadithi hizo zina utamu wake, lakini baada ya mwaka mmoja msomaji alikuwa anaujua mwisho kabla hajafungua jarida; ni ile kauli ya kwenye vibanda vya video kwamba steringi hafi, ila hapa steringi hata hakwaruzwi. Sasa mwandishi afanye nini? Akimletea shujaa mtu mwenye nguvu zaidi, itakuwa mieleka tu. Jerry Siegel na Joe Shuster, mwandishi na mchoraji wa Superman, mwaka 1939, na Otto Binder na C. C. Beck, mwandishi na mchoraji wa Captain Marvel, mwaka 1943, walifikia jibu lile lile: mpe adui mwili usioweza hata kujitetea, kisha mpe akili ambayo shujaa hana. Sisi tuliokulia kwenye hadithi za Sungura na Fisi tunaijua hesabu hiyo vizuri, isipokuwa kwetu mdogo mwenye hila ndiye tunayemshangilia. Katika katuni hizi Sungura amegeuzwa mwovu, na mwenye misuli ndiye mwema. Mimi binafsi, kila ninapowasoma, nusu ya moyo wangu huwa upande wao.

Ultra-Humanite anaingia katika toleo la 13 la Action Comics, Juni 1939, na anaingia kwa mlango wa nyuma. Hadithi inaanza na jambo la mtaani kabisa: genge linalojiita chama cha kulinda teksi linawatoza fedha watu wa biashara hiyo, na asiyelipa hukiona cha moto. Superman anamkamata kiongozi wao, Reynolds, naye anafungwa. Reynolds anatoroka, na kumfuatilia Reynolds ndiko kunakomfikisha Superman mbele ya bwana mwenyewe. Ni mtu mwenye upara, miguu imepooza, yumo kwenye kiti cha magurudumu, na macho yake yanawaka. Anaeleza kwamba jaribio la kisayansi limempa ubongo uliopita wote duniani kwa wepesi na elimu, na kwamba anakusudia kuitawala dunia. Kisha anamwangusha Superman kwa umeme. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu Superman wa mwaka 1939 hakuwa huyu tunayemjua leo: hakupaa angani bali aliruka mirukio mirefu sana, na msomaji aliambiwa kwamba kombora linalolipuka lingeweza kuitoboa ngozi yake.

Picha zinazofuata ndizo zilizonifanya nimpende mwovu huyu. Superman amelala hajitambui, na anasogezwa kwenye msumeno wa duara ili apasuliwe kama gogo. Meno ya msumeno yanafika mwilini mwake, msumeno unavunjika vipande, na kipande kimoja kinaruka na kumchoma Reynolds kooni. Shujaa hajafanya lolote, amelala tu. Ugumu wake peke yake umemuua mtu, na aliyekufa ni mtumishi wa aliyeuwasha msumeno. Ni picha chache kwenye ukurasa mmoja, zimechorwa kwa mistari ya haraka isiyo na madoido, lakini ndani yake mna kitu ambacho hadithi kumi na mbili zilizotangulia hazikuwa nacho: kwa mara ya kwanza nguvu za Superman zinaonekana kuwa jambo la kutisha. Ultra anakimbia kwa ndege, Superman anaigonga ndege inaanguka, na mwili wa mwovu hauonekani. Mzoefu wa katuni akisikia kwamba mwili haukuonekana hujua la kutarajia.

Akarudi kweli. Katika toleo la 14 yumo nyuma ya mkandarasi anayejenga njia ya treni ya chini ya ardhi kwa saruji hafifu, na katika toleo la 19, Desemba 1939, anaueneza ugonjwa wa tauni ya zambarau mjini Metropolis. Ya saruji naipenda zaidi kuliko ya tauni. Mtu anayetaka kuitawala dunia lakini hajaona haya kuiba kwenye zabuni ya ujenzi ni mtu tunayemwelewa bila kufafanuliwa, na hofu inayotoka kwenye saruji mbovu ni hofu ya kweli kuliko ile ya mionzi na mitambo.

Kisha likaja toleo la 20, Januari 1940, ambalo ndilo kilele chake. Clark Kent amekwenda Hollywood, na huko mwigizaji mashuhuri wa kubuniwa, Dolores Winters, anawaalika watu maarufu wa filamu kwenye mashua yake ya kifahari, halafu anawateka ili walipiwe fidia. Superman anapomkabili anayatazama macho yake, na anayatambua: Ultra! Wasaidizi wake walimfufua, na kwa amri yake ubongo wake ukahamishiwa kwenye mwili wa mwanamke huyo. Kiingereza kinalazimika hapa kuchagua kati ya kumwita mwanamume na kumwita mwanamke, na mwandishi yeyote wa Kiingereza anayeisimulia hadithi hii hujikwaa kidogo. Sisi tunasema tu kwamba anaogopwa, anacheka, anakimbia, na hadithi inaendelea. Kwa mwaka 1940, katika jarida la watoto la senti 10, wazo hilo lilikuwa la kijasiri mno. Hata hivyo ni hapo hapo ambapo Siegel alilitupa jibu lake zuri. Mwenye upara aliyepooza alitisha kwa sababu hakuwa na kitu kingine zaidi ya akili; akiwa ndani ya mwili wenye afya na uzuri, amekuwa mhalifu hodari miongoni mwa wahalifu hodari. Yaliyobaki ya yule wa kwanza ni macho tu. Katika toleo la 21 anamteka mwanasayansi amuundie silaha ya atomi ya kusambaratisha vitu, anajificha kwenye mji uliojengwa ndani ya volkeno, na mwishowe anajirusha kwenye shimo la volkeno hiyo. Baada ya hapo hakuonekana tena kwa karibu miaka 40, mpaka waandishi wa kizazi kingine walipomrudisha, na mwaka 1981 wakamtia katika mwili wa sokwe mkubwa mweupe. Sokwe huyo ndiye anayejulikana na vijana wa leo. Si yeye ninayemzungumzia.

Mister Mind anaingia kwa njia nyingine kabisa. Captain Marvel ni Billy Batson, mtoto anayetangaza redioni, ambaye akitamka neno Shazam hugeuka kuwa mtu mzima mwenye nguvu zisizopimika. Toleo la 22 la Captain Marvel Adventures, Machi 1943, lilianza hadithi ya mfululizo ya sura 25 ambayo haikwisha hadi toleo la 46, Mei 1945. Maadui wote wakubwa wa shujaa, akiwemo Sivana mwanasayansi, Captain Nazi na Ibac, wameunganishwa kuwa chama kimoja cha uovu, na wanaamrishwa na sauti. Ni sauti tu inayotoka kwenye spika. Mtoto wa redio anawindwa na mtu wa redio, na kwa miezi kadhaa si Billy wala msomaji anayejua mwenye sauti hiyo ana umbo gani. Katika toleo la 26, Agosti 1943, anaonekana. Kiingereza humwita mnyoo, ingawa kwa umbo ningemwita kiwavi: kichwa cha mviringo, miwani mikubwa kwa kuwa haoni vizuri, na kikuza sauti kidogo kinachoning'inia shingoni, kwa sababu bila hicho hakuna ambaye angemsikia.

Nilipopata kuzipitia sura hizo nilimsomea mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 9, nikimtafsiria picha kwa picha. Tangu sura ya pili alikuwa akimchora Mister Mind kwenye daftari lake kwa kukisia: jitu lenye pembe, vidole virefu, meno yaliyotokeza nje. Tulipofika pale kiwavi alipojitokeza, alinyamaza kitambo, akachukua kifutio akalifuta lile jitu lote, kisha mahali pake akachora mstari mmoja mfupi wenye miwani. Akaniuliza, "Mjomba, mbona huyu mdogo anatisha zaidi?" Sikuwa na jibu la haraka. Leo ningemwambia kwamba jitu ungeliona likija.

Hapo ndipo Binder anapompita Siegel. Kwa sura zote zilizobaki hakumpa kiwavi wake mwili mwingine. Alimwacha kuwa kiwavi, mwenye macho mabovu, anayeweza kukanyagwa na mtoto, na akailazimisha hadithi itafute njia. Captain Marvel anaweza kubomoa mlima, lakini hawezi kukipata kitu kinachojificha kwenye mkunjo wa kola ya shati. Mchoro wa Beck nao unasaidia sana: mistari michache, safi, isiyo na kivuli kingi, kiasi kwamba uso wa kiwavi wenye nukta mbili na miwani unaweza kuonyesha hasira, woga na majivuno kwa kubadilishwa kidogo tu. Mwisho wake haupatikani kirahisi katika katuni za enzi ile. Mister Mind anashtakiwa mahakamani, anapatikana na hatia ya kuua watu 186,744, anahukumiwa kufa kwenye kiti cha umeme, na mwili wake unakaushwa na kuwekwa kwenye jumba la makumbusho. Idadi hiyo imenikaa kichwani kwa miaka. Haikukadiriwa kwa maelfu. Imehesabiwa mpaka mtu wa mwisho, katika jarida lenye tarehe ya mwezi ambao vita vya Ulaya vilikwisha. Mwaka 1973, Captain Marvel akiwa tayari mikononi mwa kampuni ya DC, waandishi walieleza kwamba umeme haumuui kiwavi wa aina ile, wakamrudisha. Mimi huishia makumbusho.

Kama ulinganisho ungeishia kwenye usimulizi, basi Mister Mind angeshinda bila ubishi. Lakini hauwezi kuishia hapo, na sababu lazima nizieleze waziwazi, hasa kwa msomaji Mwafrika. Majarida yale yalikuwa na mhusika mweusi aliyeitwa Steamboat, mtumishi wa Billy, aliyechorwa kwa midomo na macho ya kejeli na kuongezewa lafudhi ya kudhalilisha. Mwaka 1945, baada ya wanafunzi wa New York kumwendea mhariri wa Fawcett na kulalamika, alitolewa. Nimewaheshimu watoto wale tangu nilipokisoma kisa hicho, maana waliuona ubaya ambao watu wazima waliokuwa wakilipwa kuuhariri hawakuuona. Lakini kurasa zilizokwisha kuchapishwa zimebaki vilevile, na ndani ya mfululizo huu pia mna michoro ya Wajapani iliyojaa chuki ya vita. Nilipokuwa namsomea mpwa wangu niliziruka kurasa hizo kwanza, kisha nikaona kuziruka ni kumficha, nikarudi nazo na kumweleza. Ilikuwa jioni nzito. Anayetaka kumsomea mtoto azipitie kurasa zote mwenyewe kwanza.

Jambo hilo limegusa pia upatikanaji wake. Mfululizo mzima uliwahi kuchapishwa upya katika kitabu kimoja cha kifahari mwaka 1989, kwa nakala chache ambazo leo ni ghali, na DC ilipokuja kutangaza kuuchapisha yenyewe iliufuta mpango huo kwa sababu ya michoro hiyohiyo. Ultra-Humanite, kwa upande wake, anapatikana bila taabu, kwa kuwa matoleo ya mwanzo ya Action Comics yamechapishwa upya mara nyingi, kwa karatasi na kwa njia ya dijitali. Tofauti ya urefu nayo ni kubwa. Hadithi moja ya Superman wakati ule ilikuwa na kurasa 13, kwa hiyo matoleo sita yanayomhusu Ultra, yaani la 13, 14, 17, 19, 20 na 21, ni kazi ya jioni moja au mbili. Mister Mind ana zaidi ya kurasa 200, na hapendezi ukimkatiza, kwa sababu raha yake imo katika kungoja.

Doctor Death ana kurasa kama 20 tu kwa jumla, katika matoleo ya 29 na 30 ya Detective Comics, Julai na Agosti 1939, yaliyoandikwa na Gardner Fox na kuchorwa na Bob Kane. Ni daktari anayeitwa Karl Hellfern, anayewatisha matajiri kwa sumu ya chavua ili wamlipe. Maabara yake inaungua, na anarudi akiwa na uso ulioungua hadi kufanana na fuvu. Wanaompendekeza husema kwamba ndiye adui wa kwanza wa Batman aliyerudi, na ni kweli. Husema pia kwamba mkanda wa Batman wenye vifaa ulionekana mara ya kwanza katika hadithi yake, na hilo nalo ni kweli. Lakini hayo ni mambo ya Batman. Yeye mwenyewe hana swali lolote analomuuliza shujaa, kwa kuwa Batman ni binadamu anayeweza kupigwa risasi, na katika hadithi hiyo hiyo anapigwa. Adui wa mtu wa namna hiyo anahitaji bastola tu, si kipaji. Msome siku ukiwa na nusu saa.

Kwa hiyo uchaguzi unategemea unachokitafuta. Anayetaka hadithi kamili, yenye mwanzo, fumbo na hukumu, na aliye tayari kupambana na ubaya wa michoro ya enzi ile akiwa macho, amtafute Mister Mind hata ikimchukua miezi kumpata, hatajuta. Mzazi au mjomba anayetafuta kitu cha kumpa mtoto aende nacho chumbani peke yake asichukue hicho. Aliye na hamu ya kuona jinsi kazi ya uadui ilivyobuniwa, hatua kwa hatua, pamoja na makosa yake, achukue Ultra-Humanite.

Mimi ninampa mgeni Ultra kwanza, ingawa nimekwisha kukiri kwamba Mister Mind ni hadithi bora zaidi. Si kwa sababu ya wepesi wa kumpata peke yake. Ultra alitupwa kwenye volkeno Februari 1940, na miezi miwili tu baadaye, katika toleo la 23, akaletwa mwanasayansi mwingine mwenye akili ya kupindukia na tamaa ile ile ya kuitawala dunia. Jina lake Luthor. Ukiyasoma matoleo hayo mfululizo usiku mmoja, unamwona mtu akipokonywa kazi yake. Hata upara wake ulichukuliwa, lakini si siku ile: Luthor wa Aprili 1940, ukimtazama vizuri, ana nywele nyekundu zilizojaa kichwa kizima.